Panya wa Anastazia

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mstaafu anahitaji saa ya nini. Baada ya hotuba, yule kijana wetu aliyerudi kutoka masomoni akanivuta pembeni kunieleza kwamba huko alikokuwa wanao panya waliopandikizwa kinga ya binadamu. Panya hao huzaliwa karibu hawana kinga kabisa, wanawekewa seli za mtu, kisha watafiti wanachungulia namna askari wa mwili wetu wanavyopigana. Yeye anawasoma wale askari wachache ambao kazi yao si kupigana, bali kuwazuia wenzao wasipitilize. Aliponiona nimenyamaza akadhani sijaelewa, akaanza kunichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono. Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimemkumbuka panya mmoja wa Kibondo.

Akaniambia niandike, na ninyi wengine mkadakia. Haya, naandika. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye jalada langu, kama mchwa wamebakiza kitu. Hapa nitasema habari za kazi.

Mimi ni mtu wa upande wa Buhigwe. Nilipomaliza kusomea maabara nilipangiwa Kibondo, miaka ya tisini ikiwa ndiyo inaanza. Nilifika na sanduku la bati na koti jeupe lililopigwa pasi vizuri sana. Aliyenipokea ni Bwana Zakayo, fundi mkuu wa maabara, mtu wa Kasulu, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivua kanisani tu. Hakunikaribisha kiti. Alifungua kizimba, akatoa panya mweupe, akanipa mkononi. Yule panya akaniuma kidole cha shahada mpaka nikamwita mama yangu.

"Sasa mmejuana," akasema Bwana Zakayo. "Osha mkono, uje tufanye kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza kuelekea dirishani mpaka jua liingie. Mawingu yakitanda, unasubiri. Msimu wa mvua wagonjwa walituona tumekaa dirishani tunatazama juu, wakadhani tunasali, na sitasema kwamba hatukuwahi kusali. Mashine ya kuzungushia damu tuliizungusha kwa mkono, na mpaka leo bega langu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Mshonaji wangu analalamika.

Na panya. Panya walikuwa na chumba chao nyuma ya maabara, wakila pumba na dagaa. Mpishi wa hospitali alikuwa na neno juu ya hao dagaa. Kila alipopita alisema kwa sauti, "Panya wa serikali wanashiba, wagonjwa wanakula maharage." Bwana Zakayo alimjibu mara moja tu: "Siku mgonjwa atakapokubali nimkate ncha ya mkia, na yeye atapata dagaa."

Walikuwa wa kupimia malale, ugonjwa wa usingizi. Ninyi mliosoma juzi mmeonyeshwa malale kwenye picha, sisi ilikuwa inapanda ngazi za hospitali. Mbung'o anamuuma mtu porini, anamwachia vimelea kwenye damu, na visipotibiwa vinaingia kwenye ubongo. Mtu analala mchana, anakesha usiku, anakuwa mkali au analia ovyo, na majirani wanasema amerogwa au amerukwa akili. Ukiviona vimelea kwenye slaidi, umepata jibu. Taabu ni pale vinapokuwa vichache. Unaweza kukodoa macho kutwa nzima usione hata kimoja, na vimo. Hapo ndipo unapomchoma panya damu ya mgonjwa. Ndani ya panya vinazaana, na baada ya siku kadhaa tone moja la damu ya mkia linakuonyesha kila kitu. Kwa kuwa panya naye ana kinga yake, tulimpa kwanza dawa ya kuishusha, ili asije akavimaliza kabla hatujaviona. Dawa hiyo iliachwa na watafiti fulani waliokuja na magari mawili wakaondoka na moja.

Kwa hiyo kijana wetu asidhani yeye ndiye wa kwanza kumfanya panya abebe mambo ya binadamu. Tofauti ni kwamba wa kwake anabeba askari, wa kwetu alibeba adui.

Anastazia aliletwa kwa baiskeli kutoka Mabamba, amefungwa kwa kanga kwenye karia ili asianguke, maana alikuwa anasinzia. Mume wake, Filiberi, alikuwa anaikokota baiskeli. Mama mkwe wake, Bibi Kolestika, alikuwa anatembea mbele. Familia hiyo asili yake ni ng'ambo, Burundi, walivuka zamani wakalima wakaota mizizi, na Bibi ndiye aliyekuwa serikali yao.

Maelezo yote alitoa Bibi. Anastazia alikwenda porini kuchuma uyoga na wanawake wenzake. Baadaye kikaanza kichwa, kisha homa ya kuja na kuondoka, kisha akawa analala huku anapukuchua maharage. Siku moja akamrushia jirani chungu.

"Jirani mwenyewe alistahili," Bibi akaongeza, "lakini Anastazia hakuwa mtu wa kurusha chungu."

Walimpeleka kwanza kwa mfumu, yaani mganga wa kwetu. Mfumu akachukua kuku, akamchanja Anastazia, akahamishia ugonjwa kwa kuku, kuku akafungiwa peke yake. Kama ugonjwa umehama, kuku hufa na mtu hupona. Kuku hakufa. Ndiyo maana walikuja hospitali.

Nilitazama slaidi zake mpaka jua likahama dirishani. Sikuona kitu. Daktari wetu, kijana wa pwani aliyekuwa anavaa sweta mbili akilalamikia baridi ya kwetu, alikuwa na hakika kwamba ni malale, lakini hakutaka kuanza tiba bila kumwona mdudu. Tiba yenyewe ya malale ya ubongo wakati ule ilikuwa dawa ya arseniki. Ndiyo, ile sumu. Ilitiwa kwa sindano za kioo kwa sababu inakula plastiki, na baadhi ya wagonjwa iliwaua yenyewe. Humpi mtu dawa hiyo kwa kubahatisha.

"Mchomeni panya," daktari akasema.

Bibi Kolestika akataka aone. Bwana Zakayo hakuwahi kumkatalia mtu kuona. Basi Bibi akasimama na fimbo yake, akaniona nikivuta damu ya mkwewe, nikimchoma panya mweupe, nikimweka kwenye kizimba cha peke yake, mbali na wenzake. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Hapa mnajua kazi," akasema.

Kesho yake asubuhi nikamkuta mbele ya kizimba. Alikuwa ameinama, anapiga makofi ya taratibu kama tunavyofanya Buha tukimsalimia mtu wa heshima. "Mwakeye," akamwambia panya. Kisha akampa kipande cha kiazi kitamu. Nikaenda mbio kwa Bwana Zakayo kumweleza kwamba hawa watu wanaamini tumehamisha ugonjwa.

"Panya anakula kiazi?" akauliza.

"Anakula."

"Basi tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuja siku nilipomkata panya ncha ya mkia na kuweka tone chini ya hadubini. Lo! Damu ilikuwa inachemka. Vimelea vinajinyonganyonga kati ya chembe kama samaki wadogo kwenye maji machache. Nikakimbilia wodini kumwambia daktari, na kwa furaha yangu nikasema kwa sauti. Bibi Kolestika akapiga kigelegele kilichowaamsha hata waliokuwa wamepewa dawa za usingizi.

Na asubuhi ile ile, sikilizeni jambo hili, homa ya Anastazia ilikuwa imeshuka. Ndivyo malale ilivyo, inapanda na kushuka, vimelea vikipungua mtu anapata nafuu, kisha vinarudi. Lakini wao waliona nini? Panya ameugua, Anastazia ameomba uji. Ningekuwa mimi ningefunga mizigo vilevile.

Nilipotoka kwa daktari nikamkuta Filiberi anafunga godoro dogo kwenye karia. Nikasimama mbele ya baiskeli. Nikaeleza mdudu. Nikaeleza damu na ubongo. Nikaeleza kwamba kumpa panya vimelea si kumpunguzia mtu, ni kama kuwasha moto kwa jirani, kwako hauzimiki. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema. "Filiberi, kaza kamba."

Bwana Zakayo akatokea anafuta mikono. Hakugusa baiskeli. "Bibi," akasema, "yule kuku wa mfumu alikufa?"

"Hakufa."

"Na ugonjwa?"

"Ukabaki."

"Panya wetu amekufa?"

Bibi akamtazama. "Bado."

"Sasa mnakwenda wapi?"

Kisha Filiberi akaanza kufungua kamba, akinung'unika kwamba wangeamua kabla hajafunga.

Daktari akampima Anastazia maji ya uti wa mgongo. Ubongo ulikuwa umekwisha kuguswa. Utaratibu ulikuwa kuanza na dawa ya kusafisha damu, suramini, halafu ndipo arseniki kwa awamu. Kwa maneno mengine, wiki nyingi za kulala hospitali. Na familia iliyokuwa inasubiri panya afe ndipo iondoke ilikuwa na panya aliyekuwa amekwisha kuvimba macho, manyoya yamesimama. Asingefika Jumapili.

Suramini ikishachanganywa na maji haiwekwi, inayobaki humwagwa. Siku Anastazia alipochomwa ya kwanza, Bwana Zakayo hakuimwaga iliyobaki. Alivuta tone, akalipunguza makali, akamchoma panya.

"Huyu akifa kesho," akaniambia, "na mgonjwa anapanda baiskeli kesho."

"Lakini tunawadanganya, Bwana Zakayo."

"Nani amesema neno lolote? Mimi nimemtibu panya."

Sikupenda. Nilimwambia sipendi. Akasema uso wangu haujui kutunza siri, kwa hiyo saa za Bibi kutembelea kizimba nikae kwenye hadubini. Nikakaa kwenye hadubini. Panya akapona, manyoya yakalala, akaanza kunenepa kwa viazi vya Bibi, na kupitia mlangoni nikawa nasikia malalamiko.

"Huyu mbona ananenepa?"

"Ni ugonjwa mzito huo, Bibi," anajibu Bwana Zakayo.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Arseniki ikaanza. Sindano ya kioo imechemshwa, mshipa umetafutwa taratibu, kwa maana tone likimwagika nje ya mshipa nyama inaungua. Anastazia alilia, lakini kadiri siku zilivyokwenda tukaanza kumwona mtu mwenyewe. Kumbe alikuwa mcheshi na mkali kidogo. Alimwambia Filiberi kwamba kanga alizofua zinanuka kuliko kabla ya kufuliwa. Akaniuliza mimi kama nimeolewa, nikasema bado, akasema nisiharakishe, kisha akamtazama Filiberi. Tulicheka wote, na Filiberi akacheka kuliko sisi. Nikaanza kumpenda. Maabara inakufundisha kupenda slaidi, watu wanakuja na kuondoka, lakini huyu nilikuwa naanzia asubuhi yangu kitandani kwake.

Dawa ikaelekea kwisha. Bwana Zakayo akapanda lori kwenda Kasulu kuazima nyingine. Hakuwa amefika mbali ndipo Anastazia akapata degedege, katikati ya asubuhi, uji ukiwa mkononi. Degedege lilipotulia hakuamka. Ukimwita haitiki, ukimfinya anakunja uso tu.

Hili ndilo tuliloliogopa siku zote. Mnajua sasa, na kijana wetu anajua kuliko mimi: vimelea vinapokufa kwenye ubongo, kinga ya mwili inavamia kwa hasira. Adui amekwisha kuanguka, lakini askari wanaendelea kupiga, wanavunja nyumba waliyokuja kuiokoa. Hao askari watulizaji anaowasoma kijana wetu, wale wa kusema "basi, inatosha", hatukuwajua kwa jina. Tulijua tu kwamba kuna wagonjwa ambao mwili wao unasema basi, na wengine hausemi. Tulikuwa na prednisoloni ya kupoza ugomvi, na dawa ya kuzuia degedege. Daktari akatoa vyote, akavua sweta moja kwa jasho.

"Dawa tumempa," akaniambia. "Sasa ni yeye na mwili wake."

Siku ikapita. Anastazia hakuamka. Asubuhi iliyofuata nilikuwa chumba cha panya, nabadilisha pumba kwa sababu sikujua la kufanya jingine, Bibi Kolestika akaingia. Safari hii hakupiga makofi.

"Muue huyo," akasema.

"Bibi..."

"Ameshika roho ya mwanangu. Amekataa kufa, sasa anamvuta mwenzake. Muue, au nipe mimi."

Alisema mwanangu, hakusema mkwe wangu. Nikamwambia daktari amekwisha kutoa dawa, tungoje.

"Wewe msomi," akasema, "niambie. Ataamka?"

Uso wangu, kama alivyosema Bwana Zakayo, haujui kutunza siri. "Sijui, Bibi."

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Basi nipe panya."

Mfa maji haachi kutapatapa, na sikuwa na gogo la kumrushia. Nilifungua kizimba nikamtoa panya, nikampa. Bibi akamshika sawasawa, kiganja mgongoni, kidole gumba shingoni, kwa ustadi ambao mimi ulinichukua muda mrefu kuupata. Alitaka kuminya. Kisha akamsogeza karibu na macho yake. Panya alikuwa mnene, mweupe kama unga wa muhogo, masharubu yanachezacheza.

"Huyu ni mgonjwa?" akauliza Bibi.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimechoka kunyamaza.

"Alikuwa mgonjwa, Bibi. Ulimwona mwenyewe, macho yamevimba. Alikuwa anakufa kwa ugonjwa ule ule wa Anastazia. Bwana Zakayo akamchoma dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya kwanza aliyopewa Anastazia. Iliyobaki kwenye chupa yake."

"Ya chupa yake mwenyewe."

"Ndiyo. Panya hakuuchukua ugonjwa, Bibi. Waliugua wote wawili. Huyu amepona kwa sababu alipata dawa, hatukutaka mjue, mngeondoka. Nisamehe."

Nilitegemea fimbo. Ningeipokea. Bibi akaendelea kumtazama panya, kidole bado shingoni. Nje mpishi alikuwa anapita, akasema neno lake la dagaa, akaenda zake.

"Alikuwa anakufa," Bibi akasema polepole.

"Kabisa."

"Na sasa anakula viazi vyangu."

"Vyote."

Akanirudishia panya mkononi. "Mtie kwenye kopo," akasema. "Twende naye."

Tukaenda wodini, mimi na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, Bibi mbele. Muuguzi mkuu wa zamu akatuzuia mlangoni. Akachungulia kopo. "Leokadia, hicho ni nini?"

"Ni mgonjwa mwenzake," nikasema. Sijui kwa nini, lakini akatupisha.

Filiberi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa kitanda, macho mekundu. Bibi akaketi kitandani, akachukua kopo, akaliweka juu ya shuka, mkabala na uso wa Anastazia, akakifungua kifuniko nusu. Akaanza kusema naye kwa Kiha, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto aache kususa. Akamwambia: mwenzako alikuwa hoi kuliko wewe. Amechomwa dawa yako hiyo hiyo, amepona, mnene, ameanza hata kiburi. Wewe ni mkubwa, umeshindwaje na panya? Amka umwone. Akaanza tena kutoka mwanzo. Mwenzako alikuwa hoi kuliko wewe.

Nilijua, kama mnavyojua, kwamba maneno hayaingii kwenye ubongo uliovimba na kuwaambia askari waache. Nilijua prednisoloni inafanya kazi au haifanyi. Nilisimama pale nikiomba maneno yaingie.

Sikuondoka kwenda kula. Jua lilikuwa limefika dirisha la wodi, jua zuri la hadubini, na mimi sikulihitaji. Bibi sauti ilikuwa imekauka, sasa ananong'ona tu. Panya alikuwa amepanda ukingo wa kopo, akashuka kwenye shuka, akatembea mpaka kwenye mkono wa Anastazia, akaanza kunusa vidole. Nilijongea nimkamate. Kidole kimoja kikajikunja.

Filiberi akasimama.

Anastazia akafungua macho. Aliyazungusha taratibu, dari, dirisha, mama mkwe, mume, mimi, kisha yakashuka mpaka mkononi. Akakunja uso. Midomo ilikuwa mikavu, na sauti ilitoka kwa shida, lakini ilikuwa sauti yake, ile ya kusema habari za kanga.

"Mama," akasema, "mbona mmenilaza na panya?"

Bibi Kolestika alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Filiberi naye alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Ikabidi nijibu mimi, nikasema tunamtoa sasa hivi, dada, sasa hivi, na nikabaki nimesimama palepale nalia.